Nyundo, misumari na farasi wanne: niwafunge au niwaache?

Kijana mmoja anayetunza farasi kwenye shamba nje kidogo ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga, ameniandikia hivi:

«Jambo Daktari. Nina farasi wanne mikononi. Bosi anataka banda litengenezwe kabla mvua hazijaanza. Milango imelegea, mbao za chini zimeliwa na mchwa, nyavu za madirisha zimechanika, na ua wa uwanja una nguzo zinazoyumba. Uwanja wenyewe ni huo mmoja. Nikianza kugonga, farasi jike mmoja anatoka jasho na kuzungukazunguka chumbani. Mwingine, mzee aliyehasiwa, ni kinyume chake: ananifuata kila mahali, anachomoa nyundo mfukoni, ananisukuma mgongoni. Wenzangu wanasema niwafunge wote kamba fupi mpaka nimalize. Ni sawa? Ama kuna namna ya kufanya kazi nao humohumo?»

Mdogo wangu, usiwafunge. Farasi akiogopa, jambo la kwanza analotaka ni kukimbia. Ukimfunga kamba fupi karibu na kelele asiyoielewa, unambakishia mambo mawili tu: kuvuta mpaka kitu kikatike, au kupiga mateke. Mnyama wa kilo 400 au 500 akivuta kwa nguvu zake zote, huchagui kitakachokatika. Huenda ikawa kamba, huenda ikawa shingo, na mara nyingi huwa ni ubao uleule uliolegea ambao ndio umekuja kuutengeneza. Sasa una farasi mwenye hofu anayekimbia huku ubao wenye misumari unamfuata nyuma, na kadiri unavyomgonga miguu ndivyo anavyozidi kukimbia.

Ila namna ipo, na inaanzia kwenye saa. Una banda bovu na uwanja wenye ua mbovu, basi fanya kazi mahali ambapo farasi hawapo. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi kama saa mbili, wao wako vyumbani wanakula majani yao: huo ndio muda wa ua. Ukimaliza kipande cha siku hiyo, watoe waende uwanjani, nawe uingie bandani. Jioni wanarudi kwenye vyumba vilivyokamilika, hata kama ni kimoja tu ulichogusa siku hiyo. Usibomoe vyumba viwili kwa mpigo. Fundi wa nyumba anaweza kulala na ukuta wazi, lakini mtunza farasi hawezi.

Uzuri wa ratiba hii ni kwamba inakupa pia dawa ya yule jike mwoga. Unapogonga nguzo za ua asubuhi, yeye yuko mbali, ana majani mbele yake na wenzake pembeni. Anza kwenye kona iliyo mbali zaidi na banda, hata kama si yenye hali mbaya zaidi. Gonga mara chache, kisha mtazame, ama uweke mtu wa kumtazama. Akiinua kichwa, akasikiliza, akarudi kula, umbali huo unafaa. Akiinua kichwa na kukiacha juu, pua zimetanuka, weupe wa jicho unaonekana, shingo imekaza, umekaribia mno, rudi nyuma. Na ukipata umbali unaofaa, nyamaza pale anaposhusha kichwa, anapotafuna au anapopumua kwa nguvu puani. Watu wengi wanakosea hapa: wanagonga mpaka farasi acharuke, ndipo wanaacha, na farasi anajifunza kwamba kucharuka ndiko kunakonyamazisha nyundo. Wewe unataka ajifunze kwamba kutulia ndiko kunakoinyamazisha.

Kila siku sogea kidogo. Ukifika karibu na banda, mwache anuse nyundo, msumeno na pipa la misumari kabla havijatoa sauti. Kumbuka pia kwamba masikio ya farasi yanasikia sauti nyembamba za juu kuliko zetu. Kwa hiyo tupa inayokwaruza chuma, drili, au ile mashine ya kukatia chuma inaweza kumtesa kuliko nyundo ambayo kwako wewe ndiyo yenye kishindo. Kazi za mashine ya kukatia zifanyie mbali kabisa, nyuma ya nyumba ikiwezekana, ulete kipande kikiwa tayari kimekatwa.

Na asiachwe peke yake. Kosa ninaloliona kwenye mabanda mengi ni kuwatoa watatu watulivu na kumwacha mwoga ndani «kwa sababu anasumbua kutoka». Farasi ni mnyama wa kundi, na hofu ya kubaki nyuma inazidi hofu ya nyundo. Akibaki ndani, na yule mzee abaki chumba cha pili, mahali anapoweza kumwona.

Nikija kwa huyo mzee, yeye namfurahia, lakini ndiye atakayekuvunja mguu kwa mapenzi. Anayekusukuma mgongoni hana ubaya. Amezoea kwamba mtu akiinama kuna kitu kitamu. Usimpe chochote kutoka mfukoni, kamwe. Kila akikuingilia, simama wima, mgeukie, weka kiganja kifuani mwake na umrudishe hatua mbili nyuma. Usimpige usoni, farasi anayepigwa usoni anakuwa mgumu kumvalisha kamba ya kichwa, na utaijutia siku utakayohitaji kumshika haraka. Akirudi, mrudishe tena, hatua zilezile mbili, bila hasira. Akisimama vizuri mahali pake, nenda wewe kwake umkune pale juu ya mabega, singa zinapoishia. Hapo ndipo farasi hukunana wao kwa wao, na utafiti uliofanywa kwa farasi wa Camargue, Ufaransa, ukachapishwa 1993, ulionyesha kwamba kukunwa mahali hapo kunashusha mapigo ya moyo. Vifaa usiviweke mfuko wa nyuma. Tumia ndoo inayotundikwa nje ya mlango, juu kuliko kifua chake. Na waya wa umeme usipite sakafuni hata dakika moja: kuna mkojo, kuna kwato, kuna meno ya huyo mzee, na farasi huumizwa na umeme kirahisi kuliko mtu.

Kuhusu mwili wako, machache. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Zungumza kabla ya kuingia. Ukipita nyuma yake, ama pita ukimgusa kiunoni, karibu kabisa, ama pita mbali, mita 3 au zaidi. Ni ule umbali wa katikati ndio unaopokea teke lenye nguvu zote. Chuchumaa, usipige magoti wala kukaa chini, na usijiweke kati ya farasi na ukuta. Akitoka kwenye jua kali la Septemba kuingia chumba chenye giza, mpe muda. Macho yake yanachelewa kulizoea giza kuliko yako, na wakati huo hata ndoo aliyoizoea anaweza kuiona kama kitu kipya.

Sasa utaratibu wa kazi zenyewe. Bosi wako pengine atataka milango kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana na wageni. Mimi nasema nyavu kwanza.

Huku kwetu mvua zinaanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili, na zikishakolea ndipo usubi, vile visubi vidogo vinavyouma, unapojaa. Usubi ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na aina yake inayoshika mapafu huua wengi wa wanaoipata, baadhi yao katika siku chache tu, povu likiwatoka puani. Punda na pundamilia hubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili kubwa. Wadudu hawa huuma zaidi kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, kwa hiyo farasi waingie saa kumi na moja na nusu jioni, wakute wavu mzima. Wavu wa mbu wa kawaida hautoshi: usubi una urefu wa milimita 1 hadi 3 tu na hupenya. Tafuta wenye matundu madogo zaidi, ama tumia kitambaa cha chandarua kilichotiwa dawa ukipigilie kwenye fremu nyepesi ya mbao inayofunguka, ili uweze kukifua vumbi. Usizibe hewa kabisa. Farasi akipumua hewa nzito usiku kucha, mapafu yanaharibika kwa njia nyingine. Chanjo ya ugonjwa huu ipo, inatengenezwa Afrika Kusini, lakini chanjo haifuti kazi ya wavu, kwa sababu virusi hivyo vina aina 9, na chanjo haikuhakikishii kinga dhidi ya zote.

Baada ya nyavu, ua. Kuna mambo mawili ambayo mafundi wa mjini hawayajui. La kwanza, mbao zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, upande wa farasi. Farasi anaegemea, anajikuna, anasukuma kwa kifua. Ubao ukiwa ndani anausukuma kwenye nguzo, ukiwa nje anausukuma utoke pamoja na misumari yake. La pili, shimo la nguzo lisilale wazi, wala lisibaki wazi wanapotoka saa mbili. Mguu ukizama kwenye shimo huku mwili unaendelea mbele, hakuna daktari atakayeutengeneza mguu huo. Chimba, simamisha, shindilia, ndipo uende shimo la pili. Kama una nguzo za mkaratusi, ziwe zimekauka, maana mbichi hupasuka baadaye na kuacha midomo ya misumari nje.

Hapo kwenye misumari nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoniita mashambani kuliko nyundo yenyewe.

Kila msumari unaouingiza bandani uhesabu, na kila unaoutoa kwenye ubao wa zamani uingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Usiukunje ukidhani umeisha. Ubao ukikauka, msumari hulegea na kurudi nje taratibu. Mwisho wa kazi, kabla ya kurudisha maranda wanayolalia, chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, uiburute sakafuni kona hadi kona, kisha mbele ya mlango, kisha njia yote ya toroli. Utashangaa kitakachonasa: vipande vya waya, skrubu, hata misumari ambayo si yako. Kwenye mbao ambazo farasi atazigusa, bolti ni bora kuliko misumari. Kichwa chake cha duara kiwe upande wa farasi, nati iwe upande wa nje. Na unapozoa samadi asubuhi, tazama mbao zote kwa urefu wa mbavu na mkia. Ukiona nywele za mkia zimenasa mahali, pitisha kiganja hapo polepole. Kuna kichwa cha msumari kinachotokeza, na farasi amekuonyesha mwenyewe.

Msumari ukiingia kwenye kwato, usikimbilie kuuchomoa. Mzuie asitembee, piga simu, mwache daktari aone umeingia wapi na umeelekea wapi, kwa sababu msumari uliopita katikati, kwenye ile sehemu laini ya pembetatu, unaweza kufika kwenye kiungo, na tundu lake hujifunga mara moja ukitolewa. Kama anaukanyaga na kuuzamisha zaidi kila hatua, utoe, lakini weka alama mahali palepale, shika kidole kwenye urefu ulioingia, na utunze msumari wenyewe. Piga picha kwa simu kabla ya kuutoa. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya zaidi na pepopunda, na vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi unayoizoa kila siku.

Milango itakupa kazi kidogo. Upana usipungue mita 1.2, ifunguke kwa nje, iwe na makomeo mawili, la juu na la chini, kwa sababu farasi mwerevu hulifungua la juu kwa midomo. Bawaba ya juu igeuze kichwa chini, pini yake itazame sakafu. Hivyo mlango hauwezi kunyanyuliwa kutoka kwenye bawaba, na nakuambia yule mzee wako ataujaribu. Wakati mlango uko chini, usifunge kamba mlangoni, usawa wa kifua cha farasi, uiite mlango wa muda. Chumba kibaki tupu mpaka mlango urudi.

Sakafu iliyochimbika mbele ya mlango, pale anapoparua akisubiri chakula, usiijaze saruji kipande. Itateleza na itamkata kingo. Katanga Mungu ametupa vichuguu, na udongo wa kichuguu ndio sakafu bora ya farasi ninayoijua: uvunjevunje, unyunyizie maji kiasi cha kushikana mkononi bila kutoa tope, uumwage tabaka la kama sentimita 5, ushindilie, kisha tabaka jingine. Uache ukauke siku mbili tatu kabla ya kurudisha maranda. Usikubali mtu akuletee mabaki meusi ya kuyeyushia shaba kama changarawe ya bure. Yana metali nzito, na farasi hula sakafuni, pua yake iko humo.

Mchwa sasa. Najua utashauriwa upake mbao oili chafu ya gari. Usipake. Mchwa hawaipendi, kweli, lakini farasi anatafuna mbao, na oili iliyotumika ina vitu ambavyo havifai tumboni mwake wala kwenye ngozi yake. Mbao za chini kabisa ziondoe, weka kozi mbili tatu za matofali ya kuchoma, mbao zianzie juu yake. Mninga huvumilia mchwa vizuri, ukiupata. Kila wiki pita na ubao mkononi ukivunja vile vijia vya udongo wanavyojenga ukutani, na usirundike maranda yakagusa mbao kwa nje. Na vipande vya mbao zilizotiwa dawa kiwandani usivichome karibu na farasi. Majivu yake yana sumu na wanyama huyalamba kama chumvi.

Kazi ya kuchomelea chuma ifanyike farasi wakiwa uwanjani na majani makavu yakiwa yametolewa nje, si kusukumwa kona. Cheche huweza kulala kwenye vumbi la majani muda mrefu kabla ya kuwaka. Kaa na ndoo za maji na mchanga, na urudi kukagua saa nzima baada ya kumaliza. Umeme ukikatika ukalazimika kuwasha jenereta, ikae nje, mbali na madirisha.

Bosi wako akilalamika kwamba wenzako wangemaliza kwa siku chache, mwambie watamaliza kwa siku chache na wewe utatumia wiki kadhaa, ila yeye hatalipa daktari. Kisha mwombe vitu vitatu kwa pamoja, maana bosi akiombwa kimojakimoja huchoka: wavu wenye matundu madogo, bolti badala ya misumari kwa milango yote, na chanjo ya pepopunda kwa farasi wanne. Na yako pia. Hiyo ya kwako kaiulizie kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe kabla hujang'oa ubao wa kwanza.